Mida, Sabaki au mabwawa ya Mombasa: niende wapi kutazama ndege wahamaji kabla ya masika?

Baharini_Kisauni

Salaam kwa wanajamvi wote. Mwishoni mwa Machi nitakuwa na siku mbili za mapumziko, na nimekusudia kuzitumia kutazama ndege kabla upepo wa kaskazi haujakatika na wale wahamaji hawajaanza safari ya kurudi makwao Ulaya na Siberia. Nimetajiwa sehemu tatu: hori la Mida karibu na Watamu, mlango wa mto Sabaki kaskazini ya Malindi, na mabwawa ya hapa hapa Mombasa, yaani Nguuni na Haller Park. Kila niliyemuuliza amenisifia moja na kuniponda nyingine. Mfuko wangu unaruhusu safari moja tu, kwa kuwa nimeweka pia akiba kidogo ya kununua darubini ya mkononi. Naomba waliokwisha kwenda wanilinganishie: wapi nitaona ndege wengi kwa karibu, na ni darubini ya aina gani itakayonifaa?

Mwalimu_Kilifi

Ndugu Kisauni, karibu. Swali lako ni zuri, ila umetuficha nusu yake. Hukusema ni tarehe gani hasa, na pwani tarehe ndiyo yenye kauli, kwa sababu tarehe hutuambia mwezi umefika wapi, na mwezi hutuambia maji yatajaa saa ngapi. Hukusema kama una gari au utapanda matatu. Hukusema kama unakwenda peke yako au na familia, wala kama una miguu ya kutembea mchangani kwa saa nzima. Na hukusema kama unataka kuona aina nyingi kadiri iwezekanavyo, au kuna ndege mmoja maalumu anayekunyima usingizi. Bila hayo, kila mtu humu atakuuzia mahali anapopapenda yeye, nawe utabaki na majibu yale yale unayoyalalamikia.

Mikoko_Tisa

Mwalimu amesema kweli, lakini mimi sitasubiri tarehe. Nenda Mida.

Hori la Mida limo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, na maji yakipwa huacha wazi uwanda mpana wa matope na mchanga uliozungukwa na mikoko. Ndege hula huko. Maji yanaporudi, uwanda hupungua kidogo kidogo na ndege husukumwa kuelekea ukingoni. Pale pana daraja la mbao la kuning'inia linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia, kwa hiyo huna haja ya kuwafuata ndege. Wewe unaketi kivulini na maji yanakuletea. Ada ya daraja imekuwa ikisaidia karo za sekondari za watoto wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mpango ulioanzishwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, na sioni fedha ya kiingilio iliyo halali zaidi ya hiyo katika pwani nzima.

Machi ndio mwezi wenyewe. Vitwitwi waliokuwa na rangi ya kijivu tangu walipowasili huwa wameanza kubadili manyoya, na Calidris ferruginea, anayezaa huko Siberia, hugeuka mwekundu kifuani na tumboni kama tofali la kuchoma, hata mtu aliyemzoea mwezi Novemba hudhani ni ndege mwingine kabisa. Kisha yuko kitwitwi mla kaa, Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu iliyochanganyika na buluu, na mdomo mweusi mnene kupita kiasi cha umbo lake. Mtazame kwa utulivu. Utaona makinda waliokwisha kulingana na wazazi wao kwa ukubwa wakiendelea kuwafuata na kulia wakitaka kulishwa, ingawa wametoka kwenye kiota miezi mingi iliyopita, na mzazi, baada ya kujifanya hasikii, mwishowe huwapa kaa.

Mpwani_wa_Malindi

Kibandani Mida utaona kile ambacho hori limeamua kukuonyesha siku hiyo, basi. Sabaki ni mlango wa mto mkubwa, ule ule unaoanza huko juu kwa jina la Athi na kuitwa Galana unapopita Tsavo, na udongo unaoubeba ndio unaojenga uwanda wa matope pale mto unapokutana na bahari. Katika matembezi ya asubuhi moja unapita kwenye matuta ya mchanga, vidimbwi vya maji baridi, mikoko michanga, matope na ufuo wa bahari, na kila mahali pana ndege wake.

Membe hukusanyika kwa maelfu, wakubwa kwa wadogo. Shakwe hupumzika kwenye fungu la mchanga. Heroe huja na kuondoka kwa matakwa yao, na kwenye majani mafupi nyuma ya ufuo yuko Anthus melindae, ndege mdogo wa kahawia aliyepewa jina la mji wetu. Mtu akichelewa hadi Aprili anaweza kuwakuta Glareola ocularis wakianza kuwasili kutoka Madagaska, maana wakati wageni wa kaskazini wanafunga mizigo, wa kusini wanaingia. Niambieni ni wapi pengine utasimama mahali pamoja ukaona zamu hiyo ikibadilishana.

Baharini_Kisauni

Nawashukuru sana. Naomba radhi kwa kutoeleza mapema. Sina gari. Nitafuatana na mama yangu, ambaye goti lake moja halimpi raha, na watoto wangu wawili wa shule ya msingi. Tarehe itategemea ruhusa ya kazini, lakini itakuwa mojawapo ya wikendi mbili za mwisho wa mwezi. Kwa maelezo ya ndugu Mikoko_Tisa, ndege ninayemtaka sasa ni huyo mla kaa.

Mwalimu_Kilifi

Goti la mama limekwisha kuiondoa Sabaki, Mpwani apende asipende. Kutoka barabara kuu hadi mlangoni kuna mwendo wa mchanga mlaini, na pale hakuna kivuli isipokuwa cha kofia yako. Kwa Mida, mtapanda matatu ya Malindi, mtashuka kituo cha Mida kabla ya kufika Gede, na kutoka hapo bodaboda au tuktuk itawafikisha karibu na daraja. Daraja lenyewe huyumba mtu anapolikanyaga, kwa hiyo mama atembee polepole akishika kamba pande zote mbili, na watoto wasiruhusiwe kulirukia. Kabla ya kuondoka Mombasa, uliza hali ya mbao, kwa kuwa chumvi haina huruma na hufika wakati zikahitaji kubadilishwa.

Mvinje_wa_Bamburi

Mimi nashangaa jinsi watu wanavyokimbilia Watamu ilhali mama ana goti na watoto ni wadogo. Kutoka Kisauni hadi Haller Park ni safari fupi ya matatu, njia za ndani ni za kutembeka, pana vivuli, pana viti na pana vyoo. Mahali pale palikuwa machimbo ya mawe ya matumbawe ya kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950, jangwa tupu, hadi mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda miti. Mvinje ndio uliovumilia, na jongoo ndio walioletwa kuyala majani yake makavu mpaka yakawa udongo. Leo mabwawa yake yana kulasitara, mnandi na mdiria wanaovua mbele ya macho yako bila kujali kelele za watoto.

Nguuni nako, bara kidogo kutoka Bamburi, kuna mabwawa katikati ya mikoma, na jioni jua linaposhuka bata na kwarara huja kulala. Yupo yule ndege mwenye vidole virefu mno, Actophilornis africanus, anayetembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Watoto watamkumbuka huyo kwa muda mrefu kuliko vitwitwi kumi wa kijivu walio mbali, ambao hata nyinyi wakubwa mnabishana majina yao. Na wakichoka na ndege, wapo twiga.

Mikoko_Tisa

Sina ugomvi na Nguuni, lakini soma swali. Anamtaka mla kaa. Mla kaa hakai kwenye bwawa la maji baridi hata siku moja. Maisha yake yote ni maji ya chumvi na matope yenye kaa. Isitoshe, ndege wengi wa Haller Park na Nguuni ni wenyeji, ukienda Julai utawakuta wengi wao vilevile. Aliyefungua mada anataka wahamaji kabla hawajaondoka.

Mvinje_wa_Bamburi

Nimesoma. Nimesoma pia kwamba ana watoto wawili, na watoto wa shule ya msingi hawataketi kibandani kwa saa tatu kusubiri maji. Haller Park wataonyeshwa alipoishi Owen, yule kiboko aliyefanya urafiki na kobe Mzee baada ya tsunami ya mwaka 2004, na hadithi hiyo peke yake huwashika watoto asubuhi nzima.

Mpwani_wa_Malindi

Na Owen alitoka wapi? Alichukuliwa na mto Sabaki hadi baharini, akakwama kwenye mwamba hapa kwetu Malindi, ndipo mkaletewa Bamburi. Hata sifa zenu ni mkopo kutoka Sabaki.

Kaskazi_na_Kusi

Ndugu zangu, mnalinganisha mahali na mahali, ilhali Mida ya saa nne asubuhi na Mida ya saa tisa alasiri ni sehemu mbili tofauti. Niruhusuni nieleze kwa urefu kidogo, maana hili ndilo linalowarudisha watu mikono mitupu.

Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, baina ya bamvua na bamvua, mambo hugeuka: maji hujaa kwenye saa nne na kupwa kwenye saa kumi. Kila siku ipitayo, nyakati husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko yanavyoonyesha majedwali ya bandari ya Kilindini, Mombasa, kwa sababu mlango wake ni mwembamba na hori lenyewe ni pana.

Sasa tuangalie maana yake. Ukifika Mida asubuhi ya bamvua saa nne, utakuta matope hadi upeo wa macho na ndege wametawanyika huko mbali, nukta juu ya nukta. Darubini ya mkononi haitakusaidia. Utahitaji ile kubwa ya kusimamishwa kwa miguu mitatu. Siku hiyo hiyo, ukifika saa saba mchana, utawaona wakianza kurudi mafungu kwa mafungu, na kati ya saa nane na saa tisa watakuwa mbele ya kibanda, kabla maji hayajawaondoa kabisa kwenda kulala mahali pengine. Kasoro yake ni jua la mchana na mvuke unaopanda kutoka kwenye matope, ambao huwafanya ndege waonekane wakitetemeka.

Asubuhi ya maji mafu una mwanga mzuri na ubaridi, na kufikia saa kumi na mbili maji huwa yamekwisha kuanza kupanda. Lakini maji mafu hayapandi sana, kwa hiyo sehemu kubwa ya uwanda hubaki wazi na ndege hawana sababu ya kukusogelea. Mimi huchagua siku mbili tatu baada ya kilele cha bamvua, licha ya jua. Wengine hawakubaliani nami.

Mwalimu_Kilifi

Mimi ni mmoja wa wasiokubaliana. Kwa mtu mwenye mama na watoto, kibanda cha saa nane mchana mwezi Machi ni adhabu. Afadhali maji mafu na asubuhi yenye upepo, awaone sululu wachache waliobaki karibu na ukingo, wakitia ule mdomo uliopinda katika tundu la kaa, wakimtoa, wakimtikisa hadi miguu ikatike, kisha wakimmeza. Sululu mmoja aliyeonekana vizuri hivyo ana thamani kuliko kundi zima linalotetemeka kwenye mvuke.

Picha_za_Pwani

Kabla hamjamaliza kumshauri, naomba nieleze yaliyonikuta Sabaki, ili aliye na nia ya kwenda ajue la kuuliza kabla ya kulipa.

Nilipanga safari kupitia wakala mmoja wa Malindi, nisiyetaka kumtaja. Tulikubaliana kwamba gari litanichukua alfajiri, nitakuwa mlangoni mwa mto jua linapochomoza, na nitafuatana na mwongozaji anayewajua ndege wa pwani. Gari lilikuja jua likiwa limekwisha kupanda. Mwongozaji alikuwa kijana mchangamfu na mwenye adabu, lakini nilipomuuliza kuhusu membe waliokuwa mbele yetu, akaniambia wote ni "ndege wa baharini", na kuanzia hapo nikajua siku imeshaharibika. Dereva akasisitiza kwamba anaweza kutufikisha hadi karibu na ufuo, akaiingiza gari kwenye mchanga, na hapo ikalala kwa ekseli. Tukatumia sehemu nzuri ya asubuhi tukichimba kwa mikono na kutafuta matawi ya kuweka chini ya magurudumu.

Hayo yote ningeyasamehe. Tulipofika mlangoni kwa miguu, maji yalikuwa yamejaa na ndege wote walikuwa wamekusanyika kwenye fungu moja la mchanga, membe, shakwe na vitwitwi, wamebanana. Nilianza kutega kamera kwa mbali, nikiwa nimelala chini. Yule mwongozaji, bila kuniuliza, akavua viatu, akakimbia moja kwa moja kuelekea kwenye fungu akipiga makofi, ili, kama alivyonieleza baadaye kwa tabasamu, nipate picha ya ndege wakiruka. Wakaruka. Wakazunguka juu ya bahari mara mbili, wakaenda zao upande wa kaskazini, na hawakurudi muda wote tuliokuwa pale. Nilipomwambia wakala, alinijibu kwamba wageni wengi huipenda sana picha hiyo na hata humwongezea kijana bakshishi. Fedha haikurudi.

Mpwani_wa_Malindi

Pole sana. Hilo ni kosa la watu, mto hauna hatia. Wapo vijana wa kijiji cha Sabaki wanaowajua ndege wale kwa majina ya Kilatini kuliko wengi wetu humu, na huenda kwa miguu tangu mwanzo, wala hawahitaji gari. Anayekwenda aulize watazamaji ndege wenzake nani wa kumfuata, asichukue wa kwanza anayemwita hotelini. Tena mwongozaji mwenyeji ndiye anayejua viboko wamelala wapi siku hiyo, na hilo si jambo la mzaha.

Mikoko_Tisa

Nataka tulipe uzito suala la kuwarusha ndege, kwa kuwa Machi ndio mwezi mbaya zaidi wa kufanya hivyo. Wakati huu vitwitwi wanakula mchana na usiku kujiwekea mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita, na baadhi ya aina hukaribia kuongeza uzito wao maradufu kabla ya kuondoka. Muda wa kula hutawaliwa na maji, na saa za kupumzika zikiharibiwa, ndege anachoma mafuta aliyoyatafuta kwa jasho. Mpiga picha akishapata picha yake huenda kunywa soda. Ndege ana Siberia mbele yake.

Picha_za_Pwani

Naomba usitutie wapiga picha wote kwenye kapu moja, ndugu yangu. Nimesema wazi kwamba nilikuwa nimelala chini, kwa mbali. Na nimewaona watazamaji wa darubini, watu wazima, wakishuka kutoka darajani Mida na kuingia matopeni kwa sababu walitaka kuhesabu pete kwenye miguu ya ndege.

Mikoko_Tisa

Nimekubali kuhusu daraja. Wanaosoma pete hutuma namba zake kwa watafiti waliowavisha ndege pete hizo, na hiyo ni kazi yenye manufaa, lakini nayo ifanyike kutoka kibandani.

Mswahili_wa_Maskati

Assalam aleikum kutoka Oman. Nimefurahi kuona huyu mla kaa ametajwa, kwa kuwa ni ndege wetu sote. Huku wakati wa baridi hukusanyika kwa maelfu kwenye uwanda wa Barr Al Hikman, mkabala na kisiwa cha Masirah, pamoja na vitwitwi wengine wengi mno. Wale mnaowaona Mida wakitoweka kuanzia mwishoni mwa Machi huja kuzaa pande hizi, kwenye visiwa na fukwe za Ghuba, Bahari ya Uarabu na Bahari ya Shamu. Ndege huyu huchimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja jeupe mwisho wa shimo, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Miongoni mwa ndege wa pwani wa jamaa yake, sijui mwingine mwenye desturi hiyo.

Sisi tulio Maskati, mtu asiye na nafasi ya kwenda Barr Al Hikman hutosheka na mikoko ya Qurum au mabwawa ya Al Ansab, ambayo ni ya maji yaliyokwisha kusafishwa kutoka mifereji ya mji. Kwa hiyo ulinganisho huu wa bwawa la karibu na uwanda wa mbali hata huku tunao, na kila mwaka tunabishana.

Msitu_Kwanza

Kwa heshima zote, mnamshauri mtu apande matatu hadi Mida, apite kando ya Arabuko-Sokoke, kisha asiingie msituni? Huo ndio msitu mkubwa zaidi uliobaki wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki, na yumo bundi mdogo, Otus ireneae, ambaye nje ya hapo utamkuta tu mahali pachache, kama vile mabonde ya chini ya Usambara Mashariki. Sululu utawaona hata Ulaya.

Na kama ni mabwawa mnayoyataka, yapo ya Dakatcha, kaskazini-magharibi ya Malindi. Kwera wa Clarke, Ploceus golandi, alitafutwa viota vyake kwa miaka mingi bila kupatikana, hadi mwaka 2013 alipokutwa akizaa kwenye bwawa la msimu huko huko. Bwawa lile hutegemea mvua. Mwaka mwingine huwa na maji, mwingine huwa nyasi tupu.

Mwalimu_Kilifi

Msitu_Kwanza, kila mada humu unaipeleka msituni. Dakatcha bila gari, pamoja na mama na watoto, mvua ikinukia? Tumhurumie.

Baharini_Kisauni

Nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Mama amesikia habari za viboko na ameifuta Sabaki mwenyewe. Sasa naomba msaada wa darubini. Dukani wameniwekea mbili, moja imeandikwa 8×42 na nyingine 10×42, na muuzaji anasema ya 10 ni bora kwa kuwa inavuta zaidi. Bei zake zinakaribiana.

Kaskazi_na_Kusi

Chukua 8×42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ikikuza zaidi, hata mtetemo wa mkono wako hukuzwa, eneo unaloliona hupungua, na mwanga unaofika jichoni ni mdogo. Watoto na mama watapata shida kumtafuta ndege kwa ile ya 10.

Mpwani_wa_Malindi

Hayo ni ya msituni. Kwenye uwanda wazi ambako ndege yuko mbali na mwanga ni tele, 10 ndiyo inayotofautisha vitwitwi wawili wanaofanana, hasa wale wa mchanga ambao tofauti yao kubwa ni urefu wa mdomo na miguu. Mikono hutulizwa kwa kuegemea ukingo wa kibanda.

Mikoko_Tisa

Yoyote utakayoichukua, hakikisha imezibwa isiingize maji na imejazwa naitrojeni ndani. Hewa yetu ya chumvi na unyevunyevu huota kuvu kwenye lenzi za zile za bei nafuu, na ikishaota humo ndani hakuna kitambaa kitakachoifikia. Usiifungie kabatini miezi sita. Kisha, ukienda Mida, kodi au azima ile ya miguu mitatu kwa wenyeji ikiwa ipo. Kumwonyesha mtoto jicho la mla kaa kupitia hiyo ni bora kuliko darubini tatu za mkononi.

Bwawani_Dar

Nanyi wa Kenya mjue kwamba Saadani ipo. Ndiyo hifadhi ya taifa ya Tanzania ambako pori linashuka hadi ufuoni, ilipandishwa hadhi mwaka 2005, ina mto Wami na viboko wake, na heroe kwenye maji ya chumvi.

Mvinje_wa_Bamburi

Ndugu wa Dar, mtu ana siku mbili na nauli ya kuhesabu, nawe unamvusha mpaka?

Baharini_Kisauni

Habari mpya: mkuu wangu wa kazi amesogeza ruhusa yangu hadi wikendi ya kwanza ya Aprili. Darubini nimelipia nusu, ile ya 8, ingawa maneno ya ndugu Mpwani yameanza kunitia shaka na muuzaji amekubali kubadilisha kabla ya Ijumaa. Watoto wamesikia habari za twiga wa Nguuni kutoka kwa shangazi yao na hawataki kusikia jingine. Mama anasema Mida, mradi apate kiti. Je, mla kaa atakuwa bado yupo?

Mikoko_Tisa

Baadhi yao. Wengi huwa wamekwisha kuondoka au wako njiani, lakini kila mwaka hubaki wachache, na vitwitwi wa Siberia watakaokuwepo ndio watakuwa wekundu kabisa. Angalia jedwali la maji upya, lile la Machi halikufai tena.

Mpwani_wa_Malindi

Aprili mwanzoni Glareola ocularis nao huenda wakawa wameanza kufika. Nasema tu.

Mwalimu_Kilifi

Aprili mwanzoni masika nayo huenda ikawa imeanza kufika. Beba miavuli, na uliza kama njia ya kutoka kituo cha Mida hadi darajani inapitika kwa tuktuk, maana udongo wa pale ukilowa, bodaboda peke yake ndiyo itakayokubali, nayo si ya kumpakia mama mwenye goti.

Mvinje_wa_Bamburi

Barabara ya Haller Park ni ya lami hadi langoni.